Hoki ya India: kutoka kiwanja cha majani mpaka kapeti ya plastiki

Wakaaji wa Goma, Sake na Rutshuru wamezoea tangu miaka mingi kuona wanajeshi wa India wa MONUSCO. Wengi wetu tunawaza ya kwamba watu wa India wanapenda kriketi tu. Ni kweli, kriketi ndiyo inaleta feza na ndiyo inajaza televisheni kwao. Lakini mchezo uliowapa medali nyingi zaidi za Olimpiki ni mwingine kabisa: ni hoki. Medali 13, na kati yazo 8 ni za dhahabu. Kwa upande wa wanaume hakuna nchi nyingine duniani yenye dhahabu nyingi hivyo kwenye mchezo huo. Na hoki hiyo ilianza ndani ya kambi za jeshi.

Kwa wale ambao hawajaiona: ni ekipe mbili, watu 11 kwa 11 kama kwenye mpira wa miguu, kila mmoja na fimbo iliyopinda kwa chini. Balo ni ndogo na ngumu kama jiwe. Mguu haugusi balo, isipokuwa wa golikipa. Fimbo nayo ina upande mmoja tu wa kupigia, ule ulio bapa. Na bao halihesabiwi kama mchezaji amepiga kutoka mbali: inatakikana awe ndani ya nusu duara iliyochorwa mbele ya goli.

Waingereza ndio waliupeleka mchezo huu India, wakati India ilikuwa koloni lao. Klabu ya kwanza ilianzishwa Calcutta mwaka 1885. Wanajeshi Wahindi waliokuwa chini ya maafisa wazungu walijifunza haraka, tena wakawapita walimu wao. Shirikisho la hoki la nchi lilianzishwa 1925, na mwaka uliofuata ekipe ya jeshi ilisafiri mpaka New Zealand. Ilicheza mechi 21, ikashinda 18, ikapoteza moja tu. Ndani ya ekipe ile kulikuwa askari mmoja kijana, Dhyan Chand. Wanasimulia kwamba alikuwa anafanya mazoezi usiku kiisha kazi, kwa mwangaza wa mwezi, na ndiyo sababu wenzake walimwita Chand, maana yake mwezi.

Mwaka 1928, Amsterdam, India ilicheza Olimpiki ya hoki kwa mara ya kwanza. Ilifunga mabao 29 na haikufungwa hata moja. Dhyan Chand peke yake alifunga 14. Kapiteni alikuwa Jaipal Singh, mtoto wa kabila la Munda, wenyeji wa asili wa misitu ya mashariki ya India, aliyesomeshwa na wamisionari mpaka akafika chuo kikuu cha Oxford. Mtu huyu tumukumbuke, sababu watu wa kwao tutawakuta tena mbele.

Los Angeles 1932, India iliipiga Marekani 24 kwa 1. Hapana, si kosa la kuandika: ishirini na nne. Roop Singh, mdogo wake Dhyan Chand, alifunga 10. Berlin 1936, kwenye fainali, Ujerumani ilikula 8 kwa 1. Kuko hadithi ya kwamba Hitler alimwita Dhyan Chand akamwahidia cheo kikubwa katika jeshi la Ujerumani. Wahindi wanaipenda sana hadithi hiyo, lakini hakuna maandishi ya wakati ule yanayoithibitisha, basi tuiache kwa wasimulizi.

Jambo moja liliwauma Wahindi miaka ile yote. Waingereza, wenye mchezo, hawakutuma ekipe ya hoki kwenye Olimpiki hizo tatu. Huko India wengi waliamini ya kwamba bwana mkubwa aliogopa kupigwa na boyi wake mbele ya dunia. Ilibidi kungojea uhuru. India ilijitawala tarehe 15 Agosti 1947. Tarehe 12 Agosti 1948, siku tatu mbele ya uhuru kutimiza mwaka, India na Uingereza zilikutana kwenye fainali ya Olimpiki, palepale London, kwenye kiwanja cha Wembley. India ilishinda 4 kwa 0. Balbir Singh alifunga mawili. Sisi tunaotoka katika nchi iliyotawaliwa tunaweza kuelewa kwa nini wazee wa India walizungumzia mechi ile mpaka kufa kwao.

Lakini uhuru ule ulikuja na damu. Nchi ilikatwa vipande viwili, India na Pakistani, na mkato ulipita katikati ya Punjab, jimbo lililokuwa linatoa wachezaji wengi zaidi. Mamilioni ya watu walikimbia makwao. Wachezaji waliokuwa wanavaa maliyo moja walijikuta adui. A.I.S. Dara, aliyechezea India Berlin 1936, mwaka 1948 alikuwa kapiteni wa Pakistani. Ndiyo maana nyuma ya pale mechi ya India na Pakistani haikuwa mechi tu. Fainali ya 1956 India ilishinda 1 kwa 0. Ile ya Roma 1960 Pakistani ililipiza, 1 kwa 0, na ndiyo mara ya kwanza India kupoteza mechi kwenye Olimpiki tangu 1928. Tokyo 1964 India ikarudisha tena. Mwaka 1975, Kuala Lumpur, India ilichukua Kombe la Dunia mbele ya Pakistani, 2 kwa 1. Bao la ushindi lilifungwa na Ashok Kumar, mtoto wa Dhyan Chand.

Kijiji kimoja cha Punjab, Sansarpur karibu na mji wa Jalandhar, kilitoa zaidi ya wachezaji kumi wa Olimpiki. Wengine wa ukoo wa kijiji hicho walikuwa wamehamia Afrika ya Mashariki na wakachezea Kenya. Ekipe ile ya Kenya, iliyojaa Masingasinga, ilipata nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1971.

Kisha mambo yaliharibika, na yaliharibika kwa kitu ambacho mtu hawezi kukiwaza: majani.

Kwenye Olimpiki ya Montreal 1976, hoki ilichezwa kwa mara ya kwanza juu ya kapeti ya plastiki badala ya gazoni. India, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, ilimaliza ya saba. Kwa kuelewa inatakikana kujua namna Wahindi walivyocheza. Juu ya majani balo inaruka-ruka, inapotea njia, inasimama. Mchezaji mwenye mkono mwepesi anaituliza, anaikokota karibu na fimbo yake, anapita mmoja, wawili, watatu. Huo ulikuwa ufundi wao wote, tena mzuri wa kutazama. Juu ya kapeti balo inakimbia sawa na risasi na haidanganyi. Mwenye faida sasa ni yule mwenye mapafu, anayetoa pasi ndefu na kupiga kwa nguvu. Wazungu walikuwa na kapeti nyumbani kwao, watoto wao walikulia juu yake. India, nchi yenye mamia ya mamilioni ya watu, kwa miaka mingi ilikuwa na viwanja vya namna hiyo vya kuhesabu kwa vidole. Kiwanja kimoja kinaomba mamia ya maelfu ya dola, tena kinatakiwa kumwagiliwa maji maelfu ya lita mbele ya mechi. Katika vijiji ambavyo mama anatembea kilometa kutafuta maji ya kupikia, nani atamwaga maji juu ya plastiki?

Kijana wa kijijini aliendelea kujifunza juu ya udongo, na siku ya kuitwa katika ekipe ya taifa ndiyo siku alikanyaga kapeti kwa mara ya kwanza. Moscow 1980 India ilipata dhahabu, lakini nchi nyingi zenye nguvu zilikuwa zimesusia michezo ile. Mwaka 1986, kwenye Kombe la Dunia lililochezwa London, India ilikuwa ya mwisho kati ya ekipe 12. Ya 11 ilikuwa Pakistani. Zile nchi mbili zilizogawana dunia miaka kumi mbele sasa zilikuwa zinagombania mkia.

Lawama zote kwa kapeti, hapana. Pakistani ilikuwa na shida ileile, lakini ilichukua Kombe la Dunia 1978, 1982 na 1994. India iliongeza ugonjwa wake mwenyewe, ule tunaoujua vizuri huku kwetu: viongozi wa shirikisho wasioondoka, wakocha wanaofukuzwa kila mara, na feza za kriketi zilizowavuta vijana wote wa mijini. Machi 2008, huko Chile, India ilipigwa na Uingereza 2 kwa 0 na ikakosa nafasi ya kwenda Beijing. Ilikuwa mara ya kwanza kukosa Olimpiki tangu 1928, miaka 80. Mwezi uliofuata televisheni ilionyesha picha za kamera ya siri, na katibu wa shirikisho akashutumiwa kupokea feza ili mchezaji aingizwe katika ekipe. Alijiuzulu, na shirikisho likasimamishwa. Jipya, Hockey India, lilianza 2009. Bado London 2012 India ilipoteza mechi zote sita, hata ile ya mwisho mbele ya Afrika Kusini, ikamaliza ya 12.

Sasa twende kwa watu wa Jaipal Singh. Mashariki ya India, kwenye mpaka wa majimbo ya Odisha na Jharkhand, kuko wilaya za Sundargarh na Simdega. Ni nchi ya misitu na ya madini, chuma na makaa, na wenyeji wake ni kati ya watu maskini zaidi wa India ijapokuwa utajiri unatoka chini ya miguu yao. Mfano huu hauhitaji maelezo kwa msomaji wa huku. Wamisionari Wakatoliki na Waprotestanti walifungua shule huko tangu zamani, ndiyo sababu utakuta wachezaji Wahindi wenye majina kama Ignace, Lazarus au Michael. Hoki ilipita kwenye shule hizo ikaingia vijijini. Watoto wanakata mwanzi au tawi lililopinda kuwa fimbo, wanacheza bila viatu. Baada ya mavuno vijiji vinashindana, na zawadi ya bingwa ni mbuzi. Mshindi anampeleka nyumbani na jioni kijiji kizima kinakula nyama.

Kutoka Saunamara, kijiji cha Sundargarh, alitoka Dilip Tirkey, beki aliyechezea India mechi zaidi ya 400, akaenda Olimpiki tatu, na Athens 2004 akawa kapiteni. Tangu 2022 ndiye alichaguliwa kuongoza Hockey India. Alipitia shule ya michezo yenye bweni ya Panposh, mjini Rourkela, ambamo mtoto wa kijiji anapata chakula, masomo, na kiwanja kinachofaa. Kwa maoni yangu bweni hizo zimefanya kazi kubwa kuliko hotuba zote za wakubwa wa michezo.

Mwaka 2018 kampuni iliyokuwa inagharamia ekipe ya taifa ilijitoa. Serikali ya jimbo la Odisha ndiyo ilichukua mzigo, ekipe ya wanaume na ya wanawake pamoja. Jimbo kugharamia ekipe ya nchi nzima, jambo hilo halikuwa la kawaida. Chifu wa serikali ya jimbo, Naveen Patnaik, alikuwa golikipa wa hoki shuleni. Odisha ilipokea Kombe la Dunia 2018, na tena 2023, mara hiyo ikiwa na kiwanja kipya cha Rourkela chenye viti karibu 20,000. Wengine waliuliza kama feza hizo hazingejenga kwanza hospitali. Ni swali la haki.

Matunda yalikuja Tokyo, Agosti 2021. India ilikuwa nyuma ya Ujerumani 3 kwa 1, ikageuza, ikashinda 5 kwa 4 na kupata shaba. Medali ya kwanza nyuma ya miaka 41. Golikipa Sreejesh aliokoa kona ya adhabu ya mwisho, sekunde chache mbele ya kipenga. Paris 2024 ilipata shaba tena, kiisha kuiondoa Uingereza kwenye robo fainali ikiwa na wachezaji 10 kwa sehemu kubwa ya mechi. Aliyetolewa kwa kadi nyekundu, Amit Rohidas, naye ni mtoto wa Saunamara.

Wanawake walikuwa wa nne Tokyo. Kapiteni wao Rani Rampal ni binti wa mwendesha mkokoteni, na alianza na fimbo iliyovunjika. Mwenzake Vandana Katariya alifunga mabao matatu kwa mechi moja. Lakini ekipe iliposhindwa nusu fainali, majirani wa tabaka la juu walikwenda mbele ya nyumba ya wazazi wake kuitukana familia, wakisema ekipe imejaa watu wa tabaka la chini. Polisi iliwakamata watu. Mwaka 2024 wanawake hawakufika Paris: Japani iliwafungia njia katika mji wa Ranchi. Kapiteni aliyepewa ekipe nyuma ya pale ni Salima Tete, wa Simdega. Kwao, wakati alipokuwa anacheza Tokyo, hakukuwa hata televisheni ya kumtazamia.

Serikali ya Odisha ilitangaza mpango wa kuweka kapeti katika kila moja ya tarafa 17 za Sundargarh. Mashindano ya mbuzi yanaendelea vilevile, juu ya udongo.