Saa ya Mkono na Jua la Mwanza

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache juu ya mambo ya kale. Wengine wamekwisha kuandika juu ya walimu na mpira, nami nimechagua saa ya mkono, ile ya kutia ufunguo, kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa mpiga kengele mwaka 1976, na wapo kati yenu ambao mpaka leo hawajanisamehe.

Tuanze na mgeni. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa letu hapa Mwanza, akalipachika jina la malkia wake kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina lao. Yeye na mwenzake Burton walitoka pwani na saa za thamani, lakini ziliwaharibikia njiani. Alipotaka kupima nyota ilimbidi Speke afunge risasi katika uzi wa inchi 39 na kuiacha ibembee, maana uzi wa urefu huo huenda upande mmoja kwa sekunde moja.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo watu wa mjini wakajifunza kuhesabu dakika. Vijijini saa ziliingia kwa pamba. Vyama vya ushirika vilipoungana mwaka 1955 katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani, mkulima alianza kuona fedha, na baada ya baiskeli kitu alichokitamani kilikuwa saa. Marehemu Baba, mkulima wa upande wa Magu, alinunua ya Uswisi yenye vito 17. Majirani walimshauri aiweke sandukuni, aivae Jumapili na siku za arusi. Alikataa. Aliivaa akipalilia, akikamua ng'ombe, akingoja zamu yake kwenye mzani wa pamba, hata kioo kikajaa mikwaruzo. Muuzaji alikuwa amemwonya kwamba mafuta ya ndani huganda saa ikikaa bila kwenda. "Hiki si kikombe cha wageni," alikuwa akituambia.

Ndani ya saa kama hiyo hamna betri. Mna utepe wa chuma uliokunjwa. Ukiukaza asubuhi hujifungua polepole kwa siku moja na nusu hivi, na gurudumu dogo lenye kwenda na kurudi huuzuia usifunguke kwa pupa. Gurudumu hilo hupiga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 432,000 kwa siku. Saa hii huchelewa nusu dakika kutwa kucha. Katika sekunde 86,400 kukosa 30 tu! Nani kati yetu aliyepata maksi za namna hiyo katika hesabu?

Baba alinipa saa yake nilipokuja shuleni. Mwalimu wa zamu alipoiona mkononi mwangu nikateuliwa mpiga kengele, na kengele yenyewe, kama mnavyokumbuka, ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni. Jumamosi moja ya Februari shule nzima ilikuwa shambani, Elimu ya Kujitegemea, tukipalilia. Usiku wake nilikuwa nimesahau kutia ufunguo. Saa ilikuwa imesimama tangu alfajiri, nami nikaona haya kumwambia mtu. Nikaamua kulitazama jua: likitimia utosini ndiyo saa sita, nitagonga. Likatimia, nikagonga. Mwalimu akaja amekunja uso, akanionyesha saa yake. Ilikuwa saa saba na dakika mbili. Wenzangu walilima saa nzima ya bure kwa ajili yangu, na ugali umepoa.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba jua halikukosea. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa mstari wa longitudo ya 45, upitao karibu na Mogadishu, nasi Mwanza tuko karibu na 33. Kila digrii ni dakika 4. Basi jua letu huchelewa dakika 48 kwa wastani, na Februari huzidi. Ndiyo maana huku ziwani saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Baba, ambaye hakusoma longitudo, alikuwa akisema kwamba saa ya Mzungu huamka mapema mno.

Desemba 1969 Seiko wa Japani walitoa saa ya mkono ya kwatzi ya kwanza kuuzwa duniani, na miaka ya themanini saa za betri zilitufikia kwa bei ndogo, nazo ni sahihi kuliko ya Baba, sibishi. Lakini hiyo ndiyo miaka tuliyokosa hata betri za redio. Za wenzangu zililala kabatini. Ya Baba iliendelea kwa nguvu za vidole viwili.

Ninaivaa mpaka leo, ingawa simu imo mfukoni. Fundi aliyekuwa akiisafisha, kwenye meza yake ya kioo barazani mjini, amefariki, na mwanawe hutengeneza simu. Kijana huyo aliniuzia springi moja ya akiba aliyoikuta katika droo ya marehemu, nami nimeifunga katika karatasi. Mjukuu wangu aliye kidato cha pili anaitaka saa hiyo. Sitaki kumpa ikiwa imesimama. Kwa hiyo, ndugu zangu, mwenye kumjua fundi wa saa za ufunguo, awe Mwanza, Musoma au Bukoba, anitafute siku ya mkutano. Nitakuwa pale mwembeni, kama bado upo.