Kudonoana au kudonoa?

Pora wangu alianza kuwika kwa sauti ya kukwaruza, kama mlango wenye bawaba kavu, na siku hiyohiyo baba yake akauacha mtama niliomwaga uani akamwendea. Wakasimama uso kwa uso, vichwa chini, manyoya ya shingo yamefunguka kama mwavuli. Mmoja akiinua kichwa, na mwenzake anainua. Kisha wakarukiana, miguu mbele. Mara ya tatu pora aligeuka akakimbilia chini ya mkokoteni. Yakaisha kabla maji ya chai hayajachemka. Tangu hapo, mzee akisogea kwenye chakula, kijana anapisha.

Kule kupisha kuna istilahi yake, na ndiyo inayonisumbua.

Thorleif Schjelderup-Ebbe, mwanazuolojia wa Norwei aliyezaliwa mwaka 1894, alikuwa na mazoea tangu utotoni ya kuwatazama kuku na kuandika nani kamdonoa nani. Mwaka 1922 alichapisha aliyoyaona kwa Kijerumani, lugha inayoliita jambo hilo Hackordnung: hacken ni kudonoa, Ordnung ni utaratibu. Aligundua kwamba kuku hawadonoi ovyo. Wawili wakishapimana nguvu, aliyeshinda humdonoa aliyeshindwa, na aliyeshindwa harudishi. Hata vita hupungua, kwa kuwa kila mmoja anajua ampishe nani.

Tafsiri inayokuja mdomoni kwanza ni “utaratibu wa kudonoana”. Inatamkika vizuri, ila ina kasoro. Kiambishi -an- kinataka kila mmoja atoe na apokee: wanaosalimiana wote wamesalimu, wanaopigana wote wamepiga. Hapa mmoja anatoa, mwingine anapokea na kunyamaza. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba neno lenyewe lina mwenyewe. Wafugaji wakisema kuku wanadonoana, wanazungumzia balaa jingine: kuku waliobanana bandani au wenye lishe pungufu, wananyofoana manyoya mpaka damu, hata kuuana. Mwambie mfugaji kuku wake wana utaratibu wa kudonoana, atakwenda kutafuta kifaa cha kukatia midomo. Kumbe ulikuwa unamsifu.

Mimi nasema ngazi ya udonoaji. Najua ngazi nayo ina ila yake. Schjelderup-Ebbe mwenyewe aliwakuta kuku watatu, wa kwanza anamdonoa wa pili, wa pili anamdonoa wa tatu, na wa tatu anamrudia wa kwanza. Ngazi ya hivyo hakuna seremala anayeijua. Hata hivyo neno linaonyesha nani yuko juu ya nani, na hilo ndilo tunalolihitaji. Tena mitetea wana ngazi yao na majogoo wana yao; usizichanganye.

Mtu akilielewa jina hivi, shughuli za uani nazo zinabadilika. Ugomvi mfupi usio na jeraha uache, maana ukiwatenganisha kila wakirukiana unawaahirishia tu. Ikitoka damu, ingilia mara moja: kuku huvutwa na wekundu, na kundi zima litamwandama aliyejeruhiwa. Umtibu, lakini usimfiche mbali kwa majuma, kwani atarudi kama mgeni na kuanza upya kutoka kipago cha chini. Mweke nyuma ya waya, waonane bila kugusana. Jogoo mgeni naye apitie hapohapo kwenye waya. Vyombo vya chakula viwe viwili, mbalimbali, na uani kuwe na pipa au ubao wa kujificha nyuma yake; aliyeshindwa asipopata pa kukimbilia, mshindi huona hajashinda. Kipi, ule mwiba wa mguuni, kikirefuka, kipunguze ncha kwa tupa. Na uhesabu mitetea: jogoo mmoja hutosha kama 10, kwa hiyo mwenye mitetea sita na majogoo watatu asitafute mbinu, atafute sufuria. Kuku wa aina ya kuchi ni kesi nyingine. Hao wana damu ya mapigano, na kusubiri wamalizane kunaweza kukugharimu mmoja.

Waswahili tunasema jogoo la shamba haliwiki mjini, na kumbe kuwika nako kuna ngazi yake. Mwaka 2015 watafiti wa Japani, Tsuyoshi Shimmura na wenzake, walichapisha walichokisikia kwa majogoo waliowekwa pamoja: alfajiri aliye juu kabisa huanza kuwika, wengine humfuata kwa ngazi yao. Wakimwondoa wa kwanza, wa pili hushika nafasi.

Kwangu mzee ndiye aliyekuwa akianza siku zote, pora anadakia. Juma lililopita jirani aliniomba mzee akakae kwa mitetea wake, nikampa. Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ile ya kukwaruza.