Kisii: Mji wa milimani na urithi wa Abagusii

MJI wa Kisii umejengwa katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Kenya na ndio makao makuu ya kaunti yenye jina hilo. Wenyeji wake, Abagusii, huzungumza Ekegusii. Jamii hiyo pia ndiyo wengi katika kaunti jirani ya Nyamira, iliyotengwa na Kisii na kuwa wilaya mwaka 1989.

Mwaka 1908, shujaa Otenyo alimchoma mkuki afisa Mwingereza, Geoffrey Northcote, katika harakati za kupinga ukoloni. Northcote alinusurika, Otenyo aliuawa.

Rutuba ya udongo na mvua tele hustawisha ndizi, chai na kahawa. Hata hivyo, ardhi imekuwa haba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, na mashamba yamegawanywa kwa warithi hadi yakabaki vipande.

Ndiyo maana uchongaji si sanaa tu. Huko Tabaka, jiwe laini linalochimbwa ardhini hugeuzwa vinyago, bakuli na mapambo yanayouzwa hadi ng'ambo, na kuzilisha familia ambazo shamba pekee haliwezi kuzitosheleza.