Malwa ya Kutoa na Malwa ya Kuuza: Pombe ya Nyumbani Katika Historia ya Mbale

Historia ya pombe nchini Uganda mara nyingi huandikwa kupitia sheria, kodi na viwanda. Insha hii inaanzia kwenye chungu cha malwa kinachopikwa nyumbani ili kitolewe kwa wengine, Mbale na katika vilima vya Bugisu. Hoja yangu ni kwamba uwezo wa pombe kukaa bila kuharibika ulichangia sana kuamua kama itabaki zawadi au itakuwa bidhaa, na kwamba mabadiliko hayo yaliwagusa wanawake kwa namna ya pekee.

Malwa ni kazi ya siku nyingi. Unga uliokandwa kwa maji huachwa uchachuke, kisha hukaangwa na kuanikwa. Nafaka nyingine ya wimbi huloweshwa mpaka ichipue, ikaushwe na kusagwa, nayo ndiyo kimea. Vitu hivyo viwili huchanganywa na maji, na baada ya siku chache pombe huwa tayari. Maji ya moto huongezwa chunguni, na wanywaji huketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Malwa haikai. Ikipita siku chache huwa kali kupita kiasi. Kwa hiyo aliyepika hawezi kuiweka akiba kama nafaka ghalani. Hana budi kuita watu.

Umuhimu wa jambo hili huonekana katika imbalu, tohara ya Wamasaaba, ambayo hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kijana huzunguka kwa ndugu zake akiwaalika, nao humpa zawadi kama kuku, mbuzi au fedha. Nyumbani kwao pombe ya wimbi hupikwa, na mwenyewe hupakwa kimea mwilini. Anayekuja na zawadi huipokea pombe, na anayeinywa huwa shahidi. Chungu kilikuwa njia ya kuthibitisha nani ni ndugu wa nani.

Pombe kali ilikuwa na historia nyingine. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulipiga marufuku utengenezaji wa pombe za kukeneka katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini pombe za kuchachusha kama malwa hazikuguswa na katazo hilo. Baada ya uhuru, Sheria ya Enguli ya 1965 ilimtaka mkenekaji awe na leseni, na enguli ilikusanywa ili isafishwe kiwandani na kuuzwa kama Uganda Waragi. Enguli hukaa muda mrefu, hujazwa chupani na husafirishwa mbali. Kitu kinachoweza kusafiri kinaweza pia kuhesabiwa na kutozwa kodi.

Hata hivyo, tusiisifu zawadi bila kuuliza nani aliifanyia kazi. Wimbi lilisagwa, kuni zikabebwa na unga ukakaangwa kwa mikono ya wanawake, ilhali heshima ya karamu ilimwendea mwenye boma. Malwa ilipoanza kuuzwa mijini, mpishi alipata kitu ambacho zawadi haikumpa: fedha mkononi mwake, na wengi wamewalipia watoto karo kwa fedha hizo. Kilichopungua ni ule ushahidi, kwa sababu mteja akishalipa hadaiwi tena chochote, wala haitwi ndugu.

Leo katika sherehe nyingi mgeni huleta kreti ya bia, labda iliyotengenezwa kiwandani Njeru, karibu na Jinja. Kreti huonyesha uwezo wa mfuko, ilhali chungu huonyesha siku ambazo mtu amezitumia kwa ajili ya mwingine. Mwanahistoria anayesoma leseni na takwimu za mauzo peke yake ataiona kreti na kukikosa chungu. Na akikiona chungu, aulize pia ni nani aliyekuwa jikoni.