Akiba ya Nyumbani na Mahali pa Kuiweka

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wameandika habari za maghala, magari na bei za mazao. Sisi tumepewa kueleza historia ya akiba ya nyumbani, nayo si habari ndogo, maana shilingi zilizojenga vyama vya ushirika katika nchi hii zilipita kwanza jikoni.

Zama za ukoloni ilisemwa sana kwamba Mwafrika hajui kuweka akiba, na hata leo maneno hayo yangali yakisikika. Sisi hatuyakubali. Mwenye kuyachungua maisha ya wazee wetu ataona kuwa kubana matumizi walikujua vema. Walichokosa ni mahali salama pa kuweka kile walichokibana.

Tuanze na chakula, maana ndicho kilichokuwa hazina ya kwanza. Mama mwenye nyumba alikijua kihenge chake kama karani ajuavyo daftari lake. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, vibaba 4 vikawa pishi moja, naye alijua ni pishi ngapi zitakazomfikisha mavuno ya pili. Majivu hayakutupwa; yalichanganywa na kunde na maharagwe ili wadudu wasiyatoboe. Kaa la jioni lilifukiwa jivuni ili asubuhi kiberiti kisiguswe. Mambo hayo ni madogo, na kijana wa leo aweza kuyacheka. Hasara kubwa, hata hivyo, ilitokea penginepo. Wakati wa mavuno kodi ilidaiwa na nguo zilikuwa zimechakaa, basi mahindi yakauzwa kwa bei ya chini katika mwezi ule ule ambao kila mtu anauza. Kisha njaa ilipobisha hodi, nyumba ile ile ikarudi dukani kununua mahindi kwa bei ya juu, na pengine kwa deni. Kwa maoni yetu, nyumba iliyoweza kungoja miezi mitatu bila kuuza ilijiokoa zaidi kuliko ile iliyojinyima sukari mwaka mzima.

Fedha taslimu ilikuwa na taabu yake. Wengi waliizika ardhini au kuitia katika kibubu cha udongo, chombo ambacho jina lake lakumbusha mtu asiyesema, na kwa hakika hakikumwambia mwivi neno. Lakini kama mwivi hakuifikia, Serikali iliifikia. Rupia ya Wajerumani ilikuwa pesa 64 mpaka mwaka 1904, ilipofanywa heller 100. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, sarafu zilipigwa Tabora katika karakana ya reli, nyingine kwa shaba ya maganda ya risasi za mizinga. Mwaka 1921 shilingi ya Afrika ya Mashariki ikashika nafasi ya rupia. Aliyezika rupia zake mwaka 1913 na kuzifukua miaka 10 baadaye alikuta kwamba kwa sonara zingali fedha, ila sokoni watu wanahesabu kwa shilingi na senti. Senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu katikati, zikatungika katika uzi kama ushanga. Nazo pia siku zake zilikwisha, kwa maana mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa na nchi ikapata shilingi yake yenyewe.

Kina mama walikuwa na njia nyingine, yaani upatu. Wanawake 10 wakitoa shilingi 5 kila mwezi, mmoja wao hupokea shilingi 50 kwa mkupuo, na zamu huzunguka mpaka wote wapate. Hapana riba wala karani. Dhamana yake ni haya tu, na haya ya jirani ni dhamana nzito.

Ushirika wa mazao uliiga jambo hilo pasipo kulitaja. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ikatungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 ikaundwa Kilimanjaro Native Co-operative Union. Mkulima alipokea malipo ya kwanza alipoleta kahawa, na malipo mengine baada ya kahawa kuuzwa. Wako walionung'unika kwa kungojeshwa. Lakini malipo yale ya baadaye yalikuwa fedha ambayo haikuweza kuliwa siku ya mavuno, ikaja imekusanyika, ikafaa kwa ada ya shule na mabati.

Twasema haya bila kusahau mwaka 1976, Serikali ilipovivunja vyama vikuu vya Tanzania Bara na kazi zao kupewa mashirika ya umma na vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovifungulia mlango tena. Katika miaka hiyo yote upatu haukuvunjwa na mtu, kwa sababu haukuwa na ofisi ya kufungwa wala hazina ya kukabidhiwa: fedha iliyopokewa asubuhi ilikuwa imekwisha kuwa sufuria, godoro au sare ya mtoto kabla ya jua kutua.