Sheria na Mlango wa Shule

Wahenga walisema kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msomaji, historia ya shule yathibitisha neno hilo.

Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba si kosa kuwatenga weusi na weupe katika magari ya moshi, mradi huduma ziwe sawa. Majimbo ya kusini yakautumia uamuzi huo kuhalalisha utengano shuleni. Utengano ulitimizwa, usawa haukuonekana.

Oliver Brown, mkazi wa mji wa Topeka, alipompeleka binti yake Linda katika shule iliyokuwa karibu na nyumbani, alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Yeye na wazazi wenziwe wakashtaki. Wakili Thurgood Marshall hakudai majengo bora tu. Alidai kwamba kutengwa kwenyewe humtia mtoto unyonge. Tarehe 17 Mei, 1954, majaji wote 9 waliafikiana kuwa shule za kutengana haziwezi kuwa sawa.

Je, hukumu ilitosha? La, hasha! Mwaka 1957, katika mji wa Little Rock, wanafunzi 9 weusi walizuiwa na askari wa gavana wasiingie shuleni, hata Rais Eisenhower akalazimika kupeleka majeshi kuwalinda. Waliingia, lakini humo ndani walitukanwa na kusukumwa na wanafunzi wenzao, mahali ambapo askari hawakuweza kuona kila jambo.

Usidhani hayo ni ya mbali. Hapa Kenya, enzi za ukoloni, shule za Wazungu, Wahindi, Waarabu na Waafrika zilikuwa mbalimbali. Marshall huyo huyo alikwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House, akaandika mapendekezo ya haki za raia. Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde ilipendekeza utaratibu mmoja wa elimu kwa watoto wa rangi zote. Leo Katiba ya 2010 yakataza ubaguzi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yaikataza shule kumbagua mtoto aombaye nafasi kwa sababu ya kabila, rangi au ulemavu.

Basi, zingatia jambo hili. Sheria yaweza kuufungua mlango wa shule, wala hilo si dogo. Lakini kumsogezea mgeni nafasi katika benchi ni kazi ya yule aliyetangulia kuketi.