Lugha ya Mkataba na Haki ya Mkazi

Mtafiti wa sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki huanzia katika Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Humo, Ibara ya 137 iliteua Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, ilhali Kiswahili "kitaendelezwa" kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Kitenzi hicho kiko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Mwanasarufi hawezi kulipita jambo hilo kimyakimya. Itifaki ya kuanzisha Kamisheni ya Kiswahili ilingoja hadi mwaka 2007.

Uzito wa suala hili hauonekani mpaka ibara hiyo isomwe pamoja na nyingine mbili. Ibara ya 30 ilimpa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kuhoji, mbele ya Mahakama ya Jumuiya, uhalali wa sheria au kitendo cha nchi hiyo. Marekebisho ya Desemba 2006 yakaweka ukomo wa miezi miwili. Lakini Ibara ya 46 ilitamka kwamba lugha ya Mahakama ni Kiingereza. Hivyo mchuuzi wa Namanga, aliyezuiliwa bidhaa zake mpakani kwa amri ya Kiswahili, alipaswa kumpata ndani ya miezi hiyo miwili mtu wa kumwandikia malalamiko yake kwa Kiingereza.